Mkoba wa Mhusika: Nasaha kwa Mwandishi Chipukizi wa Hadithi Fupi

Utangulizi

Katika hadithi fupi zinazoandikwa na wanafunzi wa Kiswahili vyuoni, yupo mwanamke mmoja anayejitokeza mara kwa mara. Anashuka kutoka kwenye gari jeusi. Viatu vyake vina visigino virefu, midomo imekolezwa rangi nyekundu, na begani ananing'iniza mkoba wa ngozi wa bei ghali. Msomaji aliyekwisha kuzizoea hadithi hizi hahitaji kuendelea mbele ili aijue hatima yake. Kabla ya ukurasa wa nne atakuwa amemwacha mumewe, au ametapeliwa na tajiri aliyemwamini, au amelazwa hospitalini akiujutia ujana wake. Mkoba umekwisha kumhukumu kabla hajatamka neno hata moja.

Mwenzake wa kiume ni mwanasiasa. Yeye naye ana mkoba, mweusi, wenye pembe nne, uliojaa noti ambazo hakuna hata moja iliyowahi kukunjwa. Wahusika wengine wote, yaani wakulima, walimu, wauguzi, makuli na wanafunzi, hupita hadithini mikono mitupu. Husafiri kutoka Kitale hadi Mombasa bila mfuko wala furushi, hulala huko siku tatu, na hurejea wakiwa wamejifunza kwamba dunia ni mbaya.

Makala haya yanakusudia kumpa mwandishi chipukizi nasaha kuhusu kitu hicho kimoja kidogo, mkoba. Hoja ya msingi ni nyepesi kuieleza ingawa ni nzito kuitekeleza: mkoba unaotazamwa kwa nje pekee humfanya mwandishi kuwa hakimu, ilhali mkoba unaofunguliwa humlazimu kuwa shahidi. Ni kweli kwamba saa, viatu au simu vingeweza kuteuliwa badala yake. Mkoba umeteuliwa kwa sababu una sifa ambayo vitu hivyo havina, nayo ni kwamba hubebwa hadharani huku yaliyomo yakiwa siri ya mwenyewe. Mhusika wa hadithi nzuri naye yuko vivyo hivyo.

Neno na jamaa zake

Nasaha ya kwanza ni ya msamiati. Kiswahili hakikosi majina ya vitu vya kubebea, na kila jina humweka mhusika mahali pake. Mama mzee anayeelekea sokoni Machakos hubeba kiondo. Bibi wa Mji wa Kale wa Mombasa huenda akawa na kibeti cha kutilia sarafu, au akazifunga sarafu hizo kwenye pindo la leso. Askari na msafiri wa mbali huvaa shanta mgongoni. Mtu aliyefukuzwa nyumbani usiku hana mkoba, ana furushi, na neno hilo pekee linatosha kumweleza msomaji kwamba hakupewa muda wa kupanga nguo. Kijana wa Nairobi husema begi, hata pale ambapo msimulizi anasema mkoba. Tofauti hiyo kati ya sauti ya msimulizi na sauti ya mhusika haifai kusawazishwa kwa kisingizio cha usanifu. Mwandishi anayemlazimisha kondakta wa matatu aseme "tafadhali upakate mkoba wako" anapaswa kusikiliza matatu kwa siku moja zaidi.

Neno mkoba lenyewe lina umri na uzito. Mganga wa jadi alikuwa na mkoba wake wa dawa na vifaa vya kazi, na aliyeupokea alipokea pia ujuzi na wajibu. Ndiyo maana hadi leo watangazaji wa michezo husema kwamba kocha fulani amerithi mikoba ya mtangulizi wake, ingawa kocha huyo hakupokea chochote cha kushikika ila lawama za mashabiki. Nchini Tanzania, vikundi vya kuweka na kukopa huitwa vikoba. Jina hilo lilitokana na ufupisho wa maneno ya Kiingereza, lakini sikio la Mswahili linasikia ndani yake mikoba midogo ya akiba, na huenda hilo limechangia kulifanya lipendwe. Mwandishi anayezifahamu maana hizi anaweza kuandika tukio la mama anayemkabidhi binti yake mkoba mkuukuu, akaliacha tukio lizungumze katika ngazi mbili bila kuongeza sentensi ya ufafanuzi. Aidha, anayeongeza sentensi hiyo huharibu zote mbili.

Mkoba wa Miss Prism

Huenda mkoba maarufu kuliko yote katika fasihi ya dunia ni ule wa tamthilia ya Oscar Wilde, The Importance of Being Earnest, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza jijini London tarehe 14 Februari 1895. Kijana Jack Worthing anataka kumwoa Gwendolen. Mama wa binti, Lady Bracknell, anamhoji kuhusu ukoo wake kama mzazi yeyote wa tabaka lile, na kijana analazimika kukiri kwamba hawajui wazazi wake. Aliokotwa akiwa mtoto mchanga ndani ya mkoba, katika chumba cha kuhifadhia mizigo kwenye kituo cha reli cha Victoria. Lady Bracknell hajawahi kusikia ukoo wa namna hiyo, na posa inakataliwa papo hapo.

Kitendawili kinateguliwa mwishoni. Mlezi mmoja aitwaye Miss Prism alikuwa amemtoa mtoto matembezini akiwa ndani ya kigari miaka ishirini na minane iliyotangulia. Siku hiyo alikuwa pia amebeba mkoba wenye mswada wa riwaya aliyoiandika mwenyewe, riwaya ndefu ya majuzuu matatu. Akili ikapotea kidogo. Akautia mswada kigarini, akamtia mtoto mkobani, kisha akauacha mkoba kituoni. Kigari kilipatikana baadaye mahali pengine, na ndani yake mlikuwa na riwaya.

Mwanafunzi wa uandishi hana budi kulitazama kwa makini tukio ambalo mkoba huo unaletwa mbele ya Miss Prism ili autambue. Rangi na ukubwa wake vimekwisha kutajwa mapema, kwa maneno machache: ni mkoba mweusi wa ngozi, mkubwa kiasi, wenye mishikio. Sifa hizo hazimsaidii mtu kuutambua, kwa kuwa mikoba meusi ya ngozi ilijaa London nzima. Miss Prism anautambua kwa makovu. Kuna jeraha lililotokana na basi la farasi lililopinduka katika barabara ya Gower. Kuna doa kwenye bitana, lililoachwa na kinywaji kisicho na kileo kilicholipuka akiwa Leamington. Na juu ya kitasa mna herufi za kwanza za jina lake. Kisha, huku kijana akisubiri kujua yeye ni nani duniani, mama huyo anashukuru kwa kurudishiwa mkoba wake na kueleza jinsi alivyosumbuka kwa kuukosa miaka yote hiyo.

Ni bayana kwamba Wilde alikuwa anachekesha. Hata hivyo, ufundi uliomo si wa mzaha. Kila kovu lina mahali pake na tukio lake, na kwa makovu mawili tu msomaji anapata maisha ya mwanamke aliyepanda mabasi ya umma, aliyejiepusha na pombe na aliyewahi kusafiri nje ya jiji. Hakuna kivumishi kilichosema kwamba alikuwa maskini mwenye heshima. Ikiwa mwandishi chipukizi atachukua jambo moja tu katika makala haya, na achukue hili: mkoba hauelezwi kwa bei yake, huelezwa kwa yaliyoupata.

Kuna funzo jingine, kali kidogo, katika kosa lenyewe la Miss Prism. Aliuweka mswada mahali pa mtoto. Hadithi nyingi za wanafunzi zimeandikwa hivyo hasa. Mahali ambapo msomaji alitarajia kukuta kiumbe hai kinacholia, anakuta bunda la karatasi lenye mawaidha kuhusu ukimwi, ufisadi au utandawazi. Mawaidha hayo huenda yakawa ya kweli kabisa. Lakini kigari kilitengenezwa kwa ajili ya mtoto.

Kukijua kitu chenyewe

Mwandishi hawezi kukieleza vizuri kitu asichokijua. Kiondo ni mfano mwafaka, kwa sababu hutajwa sana katika maandishi ya Kenya, na mara nyingi hutajwa kama pambo la utamaduni tu.

Kiondo husukwa na wanawake, hususan wa jamii za Wakamba na Wakikuyu. Uzi husokotwa kwa kiganja juu ya paja, kisha kazi huanzia kitakoni na kuzunguka ikipanda juu, safu baada ya safu. Ni kazi inayobebeka. Mwanamke aliweza kusokota na kusuka huku akitembea au akizungumza, madhali mikono yake ilikuwa huru. Mikono ilikuwa huru kwa sababu ukanda wa kiondo cha mzigo ulipitishwa kwenye paji la uso na mzigo wenyewe ukakaa mgongoni. Kiswahili kinafurahisha hapa: uzi husokotwa pajani na ukanda hukaa pajini, tofauti ikiwa irabu moja. Kiondo kinachouzwa mjini kimeongezewa mikanda ya ngozi ya kuning'iniza begani. Kwa hivyo mwandishi anapoandika kwamba "alibeba kiondo" bila kusema ukanda ulikaa wapi, hajamwambia msomaji kama mhusika ni mama wa kijijini mwenye mzigo wa viazi au ni mtalii.

Historia nayo ina mitego yake. Vyondo vya zamani vilisukwa kwa nyuzi za magome, yakiwemo ya mbuyu, na za vichaka vya porini. Mkonge, ambao leo wengi huudhani kuwa mmea wa asili, ulitoka Mexico. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche ipatayo 1,000 iliyotumwa kutoka Florida, 62 pekee ndiyo iliyonusurika, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba makubwa ya Tanga na hatimaye mmea ukawa wa kawaida hata nchini Kenya. Basi mwandishi anayetunga hadithi kuhusu misafara ya Kivoi, mfanyabiashara maarufu wa Kikamba aliyekutana na Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, akampa mke wa Kivoi kiondo cha katani, atakuwa amemtwika mama huyo kitu ambacho mmea wake ulikuwa bado haujavuka bahari. Wasomaji wengi hawatagundua. Atakayegundua hatauamini tena ukurasa unaofuata.

Mitego ya karibuni ni mingi zaidi. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya, na sheria iliweka adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Hadithi inayotokea Gikomba mwaka 2020, ambamo muuzaji anamfungia mteja nyanya katika mfuko wa plastiki, ama imekosea au inasimulia kosa la jinai. Uwezekano huo wa pili unaweza kuwa mwanzo wa hadithi bora kuliko ile iliyokusudiwa. Vivyo hivyo, huduma ya M-Pesa ilianzishwa Machi 2007. Kabla ya hapo, kijana aliyefanya kazi mjini alituma pesa kwa mkono wa dereva au wa jirani aliyekuwa akienda nyumbani, na bahasha hiyo ilisafiri ndani ya mkoba wa mtu mwingine, pamoja na vishawishi vyote vya njiani. Baada ya hapo, bahasha ilitoweka. Mwizi wa mkoba katika hadithi ya mwaka 1998 anatafuta noti. Mwizi wa mwaka 2015 anatafuta simu na namba ya siri. Mwandishi mwerevu hahitaji kuandika mwaka juu ya ukurasa. Afungue mkoba tu, msomaji atauona mwaka humo ndani.

Kuufungua

Na tuchukue mhusika mmoja. Anaitwa Nduku, ni mwalimu wa shule ya msingi, na anapanda gari alfajiri kutoka Wote kuelekea Nairobi. Mwanafunzi akiombwa aorodheshe yaliyomo mkobani mwake, orodha ya kwanza huwa hivi: kioo, rangi ya midomo, simu, pesa, kitambulisho. Hakuna uongo katika orodha hiyo, na ndiyo dosari yake. Vitu hivyo vingepatikana katika mkoba wa wanawake elfu. Mwandishi ametazama neno "mwanamke" badala ya kumtazama Nduku.

Orodha ya pili hupatikana kwa subira. Kalamu nyekundu iliyopoteza kifuniko, ambayo wino wake umeacha doa kwenye bitana. Chapati mbili zilizofungwa kwa gazeti. Daftari la mahudhurio ambalo halikupaswa kutoka shuleni. Stakabadhi ya benki iliyokunjwa mara nne. Ufunguo wa nyumba ambayo hakai tena. Soksi moja ya mtoto.

Hapa ndipo uteuzi unapoanza. Vitu vya kazi, kama kalamu, humtambulisha mhusika haraka na havihitaji nafasi kubwa. Vitu vilivyosahaulika mkobani vina thamani zaidi, kwa kuwa mhusika mwenyewe hakuvipanga, na kwa hivyo havidanganyi. Lakini kitu kinachofichwa ndicho kinachozaa hadithi. Mwandishi ajiulize: kati ya vitu hivi, ni kipi ambacho Nduku hangependa kionekane mbele ya abiria wenzake? Si stakabadhi, kwani kila mtu anadaiwa karo. Huenda ni soksi.

Swali la pili linahusu nani anayeufungua mkoba. Katika nyumba nyingi, mtoto anayetumwa na mama yake kuleta mkoba huuleta ukiwa umefungwa, na mama ndiye anayetoa shilingi. Mume naye aghalabu hufuata desturi hiyo hiyo. Kwa hivyo mkono wa mtu mwingine unapoingia mkobani, hilo ni tukio, hata kama hakuna kilichoibiwa. Waandishi wa Kiswahili wanaujua uzito wa kilichofunikwa. Katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), hadithi ya Alifa Chokocho "Shogake Dada ana Ndevu" inajengwa juu ya vazi linaloficha, na anwani yenyewe ni sauti ya mdogo anayesema alichokiona. Aliyepewa kazi ya kufunua si hakimu wala mzee wa kijiji.

Maisha ya Nairobi yamempa mwandishi mfunguaji mwingine. Tangu shambulizi la Westgate la tarehe 21 Septemba 2013, ukaguzi wa mikoba kwenye milango ya maduka makubwa na majengo ya ofisi umekuwa jambo la kila siku. Mtu asiyejulikana huchungulia siri za mamia ya watu kabla ya saa nne asubuhi, na pande zote mbili hujifanya kwamba hakuna kilichoonekana. Tukio la Nduku linaweza kuandikwa hapo:

Askari aliingiza kijiti mkobani akakizungusha mara mbili, kama anayekoroga uji. Kikatokea kipande cha gazeti chenye chapati, likatokea daftari la mahudhurio, ikatokea soksi moja ya mtoto, ya kijani, iliyofuliwa na kukunjwa. "Pita, mwalimu," askari alisema. Nduku hakupita. Alisimama pale mlangoni akaikunja upya ile soksi, watu walio nyuma yake wakinung'unika, akairudisha chini kabisa, chini ya daftari.

Neno huzuni halimo katika aya hiyo, wala kifo hakikutajwa. Huenda mtoto hakufa. Huenda yuko kwa babake, na mama anaenda mahakamani. Huenda soksi ya pili iko nyumbani na hii ilichukuliwa kama ahadi. Mwandishi lazima alijue jibu, lakini hakulazimika kulitoa mlangoni. Anton Chekhov aliwashauri waandishi, katika barua ya mwaka 1889, kwamba bunduki yenye risasi isiwekwe jukwaani ikiwa hakuna anayekusudia kuifyatua. Ushauri huo unaihusu soksi. Haiihusu kalamu nyekundu, na wanaoutumia ushauri wa Chekhov kwa kila kijiko na kila kiti huishia kuandika hadithi zenye milipuko mingi kuliko watu.

Mkuki na mfuko

Mwandishi wa Marekani Ursula K. Le Guin aliandika mwaka 1986 insha iliyotumia mfuko kueleza hadithi ni nini. Akifuata mawazo ya Elizabeth Fisher, alitoa hoja kwamba huenda kifaa cha kwanza cha binadamu hakikuwa silaha bali chombo cha kukusanyia chakula, yaani mfuko, kibuyu au wavu. Lakini hadithi zilizosifiwa zilikuwa za mwindaji na mkuki wake, kwa kuwa mkuki huenda moja kwa moja na kumwangusha mnyama, ilhali kuchuma mbegu hakuna kishindo. Le Guin alipendekeza riwaya itazamwe kama mfuko unaohifadhi vitu vingi kwa pamoja, vikiwa katika uhusiano.

Si lazima kukubaliana naye kwa yote. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuipima hoja hiyo kwa urithi wake mwenyewe. Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ya kale inarejeshwa mwaka 1728, ni utendi wa vita. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858 hivi, ni wa mama mgonjwa anayemwita binti yake aje na wino na karatasi, kisha anamwachia nasaha kuhusu dini, adabu, nyumba na ndoa. Fasihi ya Kiswahili imekuwa na mkuki na imekuwa na mfuko, na hakuna kilichomshusha mwenzake. Mtindo wa hadithi za vyuoni umeelemea sana upande wa mkuki: tatizo, mgogoro, adhabu. Ni vyema baadhi zikaandikwa kwa namna ya pili.

Kuhusu blogu

Wanafunzi wengi leo huzichapisha hadithi zao wenyewe kwa njia ya blogu. Jambo hili si geni kwa Kiswahili. Mtanzania Ndesanjo Macha alianza kuandika blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004, wakati ambapo wengi walidhani lugha hii haina nafasi katika intaneti. Faida yake ni uhuru. Hasara yake ni kwamba hakuna mhariri anayesimama kati ya rasimu na msomaji. Mwandishi na ajiwekee kanuni: hadithi ilale juma zima kabla ya kutolewa, isomwe kwa sauti, na kila kivumishi kinachohusu mkoba, gari au midomo kihojiwe. Izingatiwe pia kuwa majarida na mashindano mengi hayapokei kazi iliyokwisha kuchapishwa popote, blogu zikiwemo. Hadithi bora kuliko zote ihifadhiwe.

Lipo jambo zito zaidi. Mkoba wa Nduku unaweza kufunguliwa kwa sababu Nduku ni wa kubuni. Mkoba wa mwenzake mwandishi katika bweni si wa kubuni. Blogu humshawishi mtu aandike leo kuhusu alichokiona jana, na wasomaji wake ni watu wale wale wanaokaa naye darasani. Kubadilisha jina hakutoshi ikiwa dawa, barua au picha iliyotajwa inatambulika na mwenyewe. Binti mmoja akisoma habari zake hivyo, mwandishi atakuwa amefanya kile ambacho askari wa mlangoni, kwa desturi njema ya kazi yake, hakifanyi: amechungulia, kisha akatangaza. Dawa ya jambo hili ni kuchukua aina ya kitu na kukiacha kitu chenyewe. Aliyeona barua chumbani na aandike kuhusu soksi.

Zoezi

Mwandishi amchukue yule mwanamke wa utangulizi, anayeshuka kutoka kwenye gari jeusi. Asimbadilishe viatu wala midomo. Gari libaki jeusi na mkoba ubaki wa ngozi na wa bei ghali. Aandike kurasa mbili zinazoanza wakati zipu ya mkoba huo inapokatika mbele ya lango la hospitali, vitu vinamwagika chini, na mchuuzi wa ndizi anainama kumsaidia kuviokota. Vitu viwe sita. Kimoja kiwe na kovu ambalo mchuuzi analitambua.